Shairi la Kwanza Mtoto Analipata kwa Mama



Juma hili tunaungama kosa letu mbele yenu. Miaka kadhaa iliyopita tulifundisha kalasi ya tatu, pale watoto walipokuwa wakiacha Kiswahili cha kalasi mbili za kwanza na kuanza masomo kwa Kifaransa. Tuliwapa shairi fupi la Kifaransa walishike kwa kichwa. Siku ya kulisema, mtoto mmoja wa kike alisimama, akatoa mstari wa kwanza, akanyamaza. Tulimgombeza mbele ya wenzake, tukamwandikia sifuri. Mama yake alipokuja shuleni tukamwambia, "Mama, mtoto wako hana kichwa cha kushika." Mama hakubisha. Alisema tu kwamba kama ni hivyo, afadhali amsaidie kuuza ndizi sokoni.

Siku mbili baadaye, saa ya mapumziko, tulisikia watoto wa kike wakicheza mchezo wa kupiga makofi. Aliyeongoza maneno alikuwa yeye. Alitoa mistari zaidi ya ishirini bila kukosa neno, wenzake wakimwitikia. Tulimwuliza nani alimfundisha. Akajibu, "Ni mama, tukitwanga sombe."

Tulipata haya. Jioni ile tulikwenda kwao kuomba radhi. Mama alicheka: "Mwalimu, mimi sikusoma. Hizo ni nyimbo tu." Tulimwambia kwamba hizo ni mashairi, na kwamba mtoto wake ana kichwa kizuri; sisi ndio tulimpa maneno yaliyofungwa. Kesho yake tulianza upya. Kwanza tulieleza shairi kwa Kiswahili, tukalionyesha kwa mikono, kisha mistari miwili kila siku. Siku ya posho alilisema lote. Ndizi zikapata mwuzaji mwingine.

Tulikuwa tumesahau kwamba sisi wenyewe tulipenda mashairi kwa njia ile ile, kabla ya kujua kusoma. Tulipanda mlima nyuma ya mama na bidoni ya maji kichwani. Mama anatoa mstari, sisi tunaitika, na njia inakuwa fupi. Baadaye, chuoni, tulifundishwa kuhesabu silabi na kutafuta vina. Tulishangaa kuona kwamba masikio yetu yaliyajua mambo hayo zamani. Na mwaka tulipokimbia vita, mabuku yote yalibaki nyumbani. Mashairi tulikwenda nayo. Usiku tuliwasemea wadogo wetu, polepole, mpaka usingizi ukawachukua.

Kazi hii ya mama si ya jana. Huko pwani ya Kenya, Mwana Kupona, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake shairi refu la mashauri mwaka 1858, na linasomwa hata leo. Hapa kwetu Congo, Waluba wana kasala, maneno ya kusifu watu na mababu, yanayosemwa kwa kichwa kwenye kilio na kwenye furaha. Mama mmoja wa nchi yetu, Clémentine Faïk-Nzuji, alitoa buku lake la mashairi, Murmures, mwaka 1968, na aliandika pia juu ya kasala.

Mama, hata kama hukusoma, unaweza kuanza leo. Chagua maneno machache ya lugha yenu. Yaseme mkifanya kazi ya mikono: kutwanga, kufua, kuchambua maharagi. Mstari mmoja leo, wa pili kesho. Mtoto akisahau, usimcheke. Anza wewe, yeye amalize. Na akileta shairi la shule, mwombe akueleze kwanza linasema nini. Akiweza kulieleza, kulishika hakutamshinda.

Kama huna la kuanzia, chukua haya manne tuliyotunga kwa ajili yenu:

Mvua yapiga bati,
mama kawasha makala,
baba kavutia kiti,
mtoto hataki lala.

Mstari wa tano mwachieni mtoto autunge. Siku ya mkutano wa kikundi, kila mama aje na mmoja kutoka nyumbani kwake. Tutaisikiliza yote, na hakuna atakayepata sifuri.