Mbele ya kununua makaro ya jikoni, angalia kwanza mama anapikia wapi

Leo siandiki juu ya kazi wala juu ya bourse. Naandika juu ya ukuta wa jikoni ya mama yangu huku Rubaya, juu ule ukuta ulinifundisha kitu ambacho miaka mitano ya kusoma gestion haikunifundisha.

Wengi wetu, tukipata franga za kwanza, tunataka kufanya kitu nyumbani kitakachoonekana. Mimi nilichagua makaro. Nilikuwa Goma, usiku, na simu mkononi, naangalia picha za majikoni ya Ulaya: ukuta unaong'aa nyuma ya meza ya kupikia, makaro meupe, mengine na maua. Dunia inajua Rubaya kwa sababu ya koltani inayoingia ndani ya simu kama ile niliyoshika, na simu nayo inaturudishia picha za majikoni ya wengine. Nikajiambia: mama naye apate ukuta kama huu.

Nikapiga hesabu kama mtu wa gestion. Ukuta wa jikoni una urefu wa metre 2.40 na kimo cha metre 2.20. Jumla ni metre kare 5.28. Karo moja ya sentimita 20 kwa 30 inafunika metre kare 0.06, basi nahitaji makaro 88. Nikiongeza asilimia 10 kwa yale yatakayovunjika na yale yatakayokatwa, nafika makaro 97. Hesabu ilikuwa safi. Nikamtumia mama picha.

Mama akapiga simu anacheka. «Mutoto yangu, huko juu ni nani atapikia? Miye napikia hapa chini.»

Nilinyamaza. Alikuwa na haki. Mama hana meza ya kupikia. Mbabula iko chini, yeye anaketi kwenye kiti kidogo, sufuria inafika karibu na magoti yake. Nimekula chakula cha ile jikoni tangu utoto, lakini nilipotaka kuitengeneza niliangalia jikoni ya watu wengine.

Kwanza, angalia doa liko wapi

Niliporudi nyumbani sikuenda na makaro. Nilienda na metre, kalamu na karatasi. Nikaketi mlangoni siku moja mzima, nikamwangalia mama akipika sombe, maharagi na bugali. Kisha nikaangalia ukuta. Mafuta na maji ya maharagi yameacha alama kutoka chini hadi karibu sentimita 80. Juu ya hapo hakuna doa la mafuta, kuna weusi wa moshi tu.

Ile picha ya Ulaya inaweka makaro kuanzia sentimita 85 au 90 kwenda juu, juu huko mtu anapika akisimama. Kama ningeifuata hivyo, makaro yangeanzia pale doa linapoishia! Kazi ya makaro nyuma ya jiko ni moja: kupokea kile kinachoruka kutoka sufuriani na kupanguswa kwa kitambaa. Basi yanawekwa pale kinaporuka. Kama kwenu mnapika kwa kusimama, anza kwenye meza na panda sentimita 50 au 60. Kama mnapika chini, anza chini.

Pili, uliza ukuta kama utabeba

Nyumba yetu ni kama nyingi za Masisi na za Goma, ile tunaita semi-dur: chini matofali ya sima, juu mabao. Kwetu matofali yanaishia kwenye metre moja. Hapo njo niliona bahati ya mama kupikia chini, juu sehemu yote yenye doa iko kwenye matofali.

Karo haipendi bao. Bao linakunywa maji wakati wa mvua na linavimba, jua likiwaka linakauka na linajikunja. Karo haijikunji. Basi inabanduka, ama inapasuka. Kama jikoni yenu ni ya mabao matupu, usibandike karo juu yake. Afadhali upandishe kwanza kaukuta kadogo ka matofali nyuma ya mbabula, na makaro yaje nyuma, hata mwaka kesho.

Ukuta mzuri unaweza kushika karne nyingi. Kule Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, kuna makaburi ya zamani ya Waswahili yenye nguzo ambamo walipachika mabakuli ya kaure kutoka China. Bakuli ni kitu chepesi kuvunjika, lakini jiwe na chokaa vililishika.

Hata tofali lenyewe linahitaji kazi. Papa fundi alipofika alipitisha nyundo kidogo-kidogo juu ya krepi, anasikiliza. Pale sauti ilikuwa ya utupu, akabomoa na kupiga sima mpya. Krepi ya zamani ilikuwa imekunywa mafuta ya miaka mingi, basi tuliisugua na sabuni, tukaisuuza, akaitobolea-tobolea kwa ncha ya nyundo ili kole ipate pa kushika. Kisha akaweka ubao ulionyooka juu ya ukuta kutafuta mashimo. Mimi nilitaka tuanze siku ileile. Akaniambia: «Mudogo, sima mupya inaomba muda. Weye ulisoma, soma na hii.» Tulingoja wiki nne.

Tatu, chora mistari yote kwenye karatasi

Hapa watu wengi wanapoteza makaro. Wanaanzia kwenye kona, wanakwenda wanakwenda, na mwisho wanabaki na kipande chembamba kama kidole. Kinaonekana vibaya na ni kigumu kukata.

Tafuta katikati ya ukuta, kisha linganisha njia mbili. Sisi tulisimamisha makaro, upana sentimita 20 na kimo 30, na kati ya karo na karo tuliacha milimita 3.

Njia ya kwanza: karo moja inaketi katikati kabisa. Makaro 11 mazima na mistari yake yanachukua sentimita 223.6. Inabaki 16.4, nusu yake ni 8.2 kila upande. Vipande vidogo.

Njia ya pili: mstari ndio unaketi katikati. Makaro 10 mazima na mistari yake yanachukua sentimita 203.3. Inabaki 36.7, yaani karibu 18.3 kila upande. Vipande vikubwa, karibu karo nzima.

Tulichukua ya pili. Sheria ya fundi ni nyepesi: kipande cha pembeni kisikuwe chini ya nusu ya karo.

Kwa kimo, safu tatu za sentimita 30 na mistari miwili zinafika 90.6. Lakini sakafu yetu imeinama: nivo ilionyesha tofauti ya sentimita 1.5 kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukifuata sakafu, makaro yote yatainama nayo. Fundi alipigilia ubao mwembamba ulio sawa na nivo, sentimita 3 juu ya sakafu upande mmoja na 4.5 upande mwingine, na safu ya kwanza ikaketi juu ya ule ubao. Makaro yalipokauka tuliutoa, tukajaza pale chini kwa utepe wa sima. Hakuna karo hata moja iliyokatwa kwa ajili ya kimo, na mama anaposafisha sakafu ndoo inagonga sima, haigongi karo. Juu nako makaro yaliishia chini ya mabao, na fundi alimalizia kwa sima iliyolala mteremko ili maji yasiingie nyuma.

Basi hesabu mpya: mistari 12 ya kusimama mara safu 3, makaro 36. Na akiba ya 4, makaro 40. Kutoka 97 hadi 40! Sikuomba bei ipunguzwe hata franga moja, nilipima tu.

Ine, chagua kwa macho ya mwenye kusafisha

Chukua makaro ya ukuta, ile mafundi wanaita fayansi. Ni mepesi na yanakatika vizuri kuliko ya sakafu. Uso ukuwe laini na unaong'aa, juu uso wenye mikwaruzo unashika masizi. Mimi bado nilitaka maua. Mama alichagua rangi ya maziwa bila kitu: «Maua inaficha bucafu, na miye nataka kuiona ili niipanguse.» Kwa mistari ya katikati tulijaza unga wa kijivu. Ule mweupe, kwenye jikoni ya makala, hautamaliza miezi mingi bila kuwa mweusi.

Dukani, soma pembeni ya kila boksi. Kuna namba ya rangi na namba ya kipimo. Maboksi mawili ya karo ileile yenye namba tofauti yanaweza kutofautiana rangi kidogo, na ukutani macho yataona. Nunua yote siku moja, na ile akiba usiirudishe dukani. Weka chini ya kitanda. Karo ikipasuka baada ya miaka miwili, hautapata ile rangi tena.

Kwa njia, munajua barabara yetu kutoka Goma, Sake hadi Mushaki na kuendelea, zaidi wakati wa mvua. Boksi la makaro linasafiri likisimama kwa ubavu, halilali. Karo iliyolala inabeba uzito wa wenzake na kila shimo la barabara. Kati ya 40 tulipoteza moja tu.

Jambo moja la mwisho la kazi: kama fundi anatumia sima na mchanga, fayansi inalowekwa kwanza kwenye maji, juu ikikuwa kavu itanyonya maji ya sima na haitashika. Kama anatumia kole ya mfuko, hailowekwi. Kisha ngoja siku moja mbele ya kujaza mistari.

Tano, karo haitoe moshi

Hii ndiyo sababu kubwa ya kuandika. Mama anakohoa. Shirika la Afya Duniani, OMS, linahesabu kwamba moshi wa kupikia ndani ya nyumba ulichangia vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Ukuta unaong'aa unaweza kutudanganya kwamba jikoni imekuwa nzuri, wakati mpishi anapumua uleule moshi. Na makala, hata pale moshi hauonekani, inatoa hewa inayoua ndani ya chumba kilichofungwa.

Franga za yale makaro 57 ambayo sikununua zilifungua dirisha kwenye mabao, upande wa mbabula, na nafasi chini ya bati ili moshi upande na kutoka. Tulisogeza pia mbabula, iache zaidi ya mkono mmoja kati yake na ukuta. Karo ilipita ndani ya moto mkali sana kiwandani, haiungui, lakini moto wa karibu wa kila siku upande mmoja unaweza kuipasua, na mabao ya juu yanaungua kweli. Kama franga zenu zinatosha kitu kimoja tu, dirisha litangulie, makaro yafuate.

Najua swali ambalo wengine watauliza, juu mimi mwenyewe nilimuuliza mama. Familia yetu ilishakimbia vita. Tulirudi tukakuta mabao ya jikoni yametolewa, labda kwa kuni. Ni akili gani kubandika makaro kwenye nyumba ambayo kesho tunaweza kuiacha?

Mama hakunipa hotuba. Alisema: «Ile siku turudie, nilipikia mu ile jikoni bila mabao. Kaukuta ka matofali njo kalibakia.»

Ndiyo maana nashauri kufanya kidogo, chini, kwenye kile kinachobaki, na kwa hatua: mwaka huu krepi na dirisha, mwaka kesho makaro. Karatasi ya vipimo iko kwenye simu yangu na kwa dada yangu. Kama itabidi kuanza upya, tutaanzia kwenye namba, hatutaanzia kwenye picha ya watu wengine.

Wandugu, tumesoma, na tunapenda kurudi nyumbani na majibu. Likizo hii, mbele ya kuleta jibu, keti kwanza mlangoni pa jikoni na metre mkononi. Na ukiitwa kupanguliza maharagi, fanya hivyo. Utaona mahali yanaporukia.

Mwenye kuwa na ukuta wa mabao matupu na aliyepata njia nyingine, atuandikie hapa chini, tujifunze pamoja.