Kichwa Kilikimbia, Miguu Ikabaki

Shangazi alinielekeza bila kuinuka kitini. Kichwa kiko chini ya kitanda, ndani ya gunia. Miguu iko kwa jirani wa tatu kuelekea ziwani, anauzia mkate na sabuni juu yake. Mpita njia angedhani tunazungumza juu ya maiti. Kumbe ni cherehani, au mashini ya kushona kama tunavyosema hapa Uvira, na ilikuwa imekaa vipande viwili tangu Oktoba 1996.

Mwezi ule, vita vilipoingia mjini kutoka bonde la Ruzizi, kila nyumba ilikuwa na dakika chache za kuamua kitakachobebwa. Kwa mshonaji swali halikuwa gumu. Unavua mkanda, unalegeza skrubu mbili zilizo chini ya bamba, unakinyanyua kichwa kutoka kwenye bawaba zake, unakifunga ndani ya kitenge. Ni kilo 12 au 13, uzito wa mtoto wa miaka miwili, na ndivyo shangazi alivyokibeba, mgongoni. Meza na miguu ya chuma vilibaki. Nani amewahi kukimbia na meza?

Kichwa kikavuka ziwa hadi Kigoma, kikafungwa mpini wa mkono, kikashona kambini. Mwaka 1997 meli ya Liemba ilipofanya safari 22 kurudisha wakimbizi kutoka Kigoma hadi Uvira, shangazi alikuwa miongoni mwa walioshuka na mzigo mgongoni. Alikuta nyumba imesimama na meza haipo. Mwaka uliofuata vita vikaanza tena, na gunia likaingia chini ya kitanda.

Tangu aliponisimulia hayo, nimeanza kuzitazama mashini za mji huu kwa jicho jingine. Pita barazani kwa mafundi wa mtaa wa Mulongwe uinamishe kichwa kidogo. Juu utasoma Singer kwa herufi za dhahabu zilizofifia, chini kati ya miguu utasoma Butterfly. Au juu ni Butterfly na chini ni chuma kilichosokotwa maua kwa mtindo wa zamani, jina la Singer limeandikwa katikati. Nilikuwa nadhani ni uchakavu tu. Sasa naona ndoa za baada ya vita: kichwa kilichorudi bila miguu kimekutana na miguu iliyobaki bila kichwa.

Ndoa hizo zinawezekana kwa sababu ambayo wengi wanaoketi nyuma ya mashini hizi hawana haja ya kuijua. Singer ya aina ya 15, ile yenye kaneti ndogo ya duara ya uzi wa chini inayoingia kwa kusimama upande wa kushoto, ilikuwa imara na rahisi kiasi kwamba dunia nzima iliiga. Baada ya vita vya pili Wajapani waliichukua kuwa kielelezo cha viwanda vyao vya mashini za kushona. Wahindi walikuwa na Usha yao. Wachina wa Shanghai wakatoa Butterfly na Flying Man. Waigaji hawakubadili bamba la chini: sentimita 37 kwa 18 hivi, na matundu mawili ya bawaba nyuma, mahali palepale. Kwa hiyo kichwa kilichotoka Ulaya kabla babu hajaoa kinakaa bila ubishi juu ya meza ya Shanghai iliyoingia kwa mpaka wa Kavimvira. Kaneti inaingia, sindano inaingia. Sijui chombo kingine humu nyumbani mwetu chenye adabu ya namna hiyo. Chaja ya simu ya zamani haiingii kwenye simu mpya.

Nilipoamua kuiunganisha mashini ya shangazi upya, jirani hakukubali kuitoa miguu bure, na sikumlaumu. Aliiokota, alisema, maji ya ziwa yalipopanda na kuingia nyumba za ufukweni, miaka ile ambayo Tanganyika ilikataa kurudi mahali pake. Haikuwa na mwenyewe. Tulikunywa chai, tukahesabu undugu hadi tukakuta mjomba mmoja wa kushirikiana upande wa Makobola, kisha nikamtengenezea meza ya mbao kwa seremala na yeye akaniachia chuma. Mbao za juu zilikuwa zimevimba kwa maji na kubanduka tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Chuma chenyewe kilikuwa na kutu ya nje tu. Mguu mmoja ulikuwa umepasuka.

Na je, ilikuwa miguu yake ile ya zamani? Shangazi aliipapasa, akatikisa kichwa. Si yake. Akasema ilete hivyo hivyo.

Gunia nililifungua mbele ya fundi, mzee anayetengeneza mashini tu, hashoni. Kitu cha kwanza alichofanya ni kufuta vumbi kwenye bamba upande wa kulia na kusoma namba. Ilianza na herufi Y. Herufi hiyo kiwanda cha Singer cha Clydebank, nchini Scotland, kiliigonga kwenye mashini zake kati ya 1921 na 1935. Kiwanda kile kilifunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980, na kilikuwa na mnara wa saa ambao watu wa mji walikuwa wakipangia siku yao. Machi 1941 ndege za Wajerumani ziliushambulia mji, ghala la mbao za meza likateketea. Kiwanda kimebomolewa, lakini kituo cha treni cha pale mpaka leo kinaitwa Singer.

Kutoka huko hadi ziwa hili, njia ya mizigo ya wakati ule inajulikana: meli hadi Dar es Salaam, reli hadi Kigoma, kisha ziwani. Wabelgiji walikuwa wamejipatia sehemu yao ya bandari Dar es Salaam na Kigoma kwa mkataba wa 1921, ili bidhaa za Kongo na za Ruanda-Urundi zipite bila kusumbuliwa na Waingereza. Walioshona barazani mwa maduka ya Usumbura, Bujumbura ya leo, na ya Uvira mwanzoni walikuwa wanaume. Wanawake waliwekewa shule zao baadaye. Foyer social ya Usumbura, iliyoanza mwaka 1946, iliwafundisha wake za wafanyakazi kushona, kupika na kutunza nyumba kwa namna Mbelgiji aliyoiona inafaa. Ng'ambo hii ya maji ujuzi huo ulifika kwa mikono ya wanawake waliokuwa wakivuka kwenda na kurudi. Shangazi alifundishwa na mmoja wao. Anachokumbuka kwa hasira mpaka leo ni kwamba mwaka mzima wa kwanza alikatazwa kugusa mashini, akashona tundu za vifungo kwa mkono tu.

Fundi alijaribu kuzungusha gurudumu la mkono. Halikusogea hata unywele. Mimi nikanyoosha mkono nisaidie, akanipiga kofi jepesi la vidole.

"Acha, mwanangu. Haikufa, iko na usingizi tu."

Alinusa tundu la mafuta juu ya kichwa, akacheka. Mawese. Mtu fulani, huenda kambini, huenda hapa, alikosa mafuta ya mashini akamwagia mawese, na katika nchi hii ya mawese nani atamlaumu. Mafuta ya mchikichi yanateleza vizuri siku ya kwanza. Baada ya miezi yanageuka gundi ya kahawia, na baada ya miaka 20 yanageuka kitu kama kucha. Mashini nyingi zinazoitwa mbovu hazijavunjika popote, zimegandamana.

Tiba yake ni petroli, na hapa petroli ni mafuta ya taa, si esansi ya pikipiki. Alidondosha matone mawili matatu kwenye kila tundu na kila mahali chuma kinaposuguana na chuma, akakiacha kichwa juani, akafunika kwa kitambaa, akaenda zake. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu aliniruhusu kushika gurudumu. Lilisogea upana wa punje ya mchele, likarudi. Siku ya nne lilizunguka nusu na kutoa uchafu mweusi kama kahawa. Ndipo akafungua: meno yanayosukuma kitambaa yalikuwa yamejaa manyoya ya nyuzi yaliyoshikana kama blanketi, na chini ya visahani vinavyobana uzi kulikuwa na kipande cha uzi wa rangi ya buluu. Nilimpelekea shangazi kile kipande. Aliutambua uzi mara moja, lakini hakuniambia ulishona nini.

Jambo moja fundi alilikataza kwa ukali: spiriti. Mapambo ya dhahabu ya Singer yamelindwa na varnishi ambayo alkoholi inaiyeyusha, na kijana mwenye bidii anaweza kufuta kwa dakika tano kile ambacho miaka 90 imeshindwa kukifuta. Kitambaa laini na mafuta mepesi ya mashini, basi.

Nikiwa pale nilikumbuka Liemba, na nikamwambia, kwa kuwa alionekana mtu wa kupenda habari kama hizo. Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande ndani ya masanduku hadi Kigoma, ikaitwa Graf von Götzen. Wajerumani walipolazimika kuondoka Kigoma katika vita vya kwanza waliamua kuizamisha wenyewe, Julai 1916, ili adui asiipate. Lakini mafundi waliopewa kazi hiyo, kabla ya kufungua maji, walizipaka injini grisi nzito kila mahali. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakaikuta mitambo bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Fundi alisikiliza mpaka mwisho.

"Hao walikuwa mafundi," akasema. "Mukubwa wao alisema wauwe. Wao wakalaza."

Mguu uliopasuka ndio ulitusumbua. Chuma cha miguu hii ni cha kumiminwa, na chuma cha kumiminwa hakipendi moto wa haraka. Mchomeleaji wa kwanza, kijana wa kando ya barabara, aliuunga kwa dakika 10, tukamlipa, na ulipopoa ukatoa mlio kama fimbo inayovunjika. Ufa mpya, pembeni ya ule wa zamani. Ilibidi mguu uvuke mpaka hadi Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya gereji na ambako kuna watu wanaojua kuunga chuma cha namna hiyo kwa shaba, polepole, wakikipasha joto kwanza. Ulirudi na mshono wa manjano kama jino la dhahabu. Polisi wa Kavimvira aliniuliza ni sehemu ya bunduki gani.

Vilivyobaki vilikuwa vidogo. Mkanda wa ngozi, upana wa milimita 5 hivi, uliunganishwa kwa waya wa chuma uliopindwa. Ukiwa umelegea unateleza kwenye gurudumu, ukikazwa sana kanyagio linakuwa zito na magoti ya mshonaji ndiyo yanayolipa. Sindano mpya, upande wake bapa ukitazama unapopaswa, kwa maana ikigeuzwa mashini inaruka mishono na mtu anaanza kutukana chuma kisicho na kosa. Mbao za juu seremala alizifanya upya kwa mti mwekundu, akachonga tundu la bamba kwa kupima na kichwa chenyewe.

Kuna mtu aliniuliza kwa nini nisinunue ya umeme. Ruzizi inapita hapo, ina mabwawa mawili huko juu, na bado usiku mwingi Uvira inakaa na mishumaa na simu. Wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, mwanzo wa Septemba, mji mzima unataka shati jeupe na suruali au sketi ya buluu kwa siku ileile. Fundi anayesubiri umeme wiki hiyo, wateja hawatamsubiri, watakuwa wamekwenda.

Shangazi alikaa kwenye mashini kwa mara ya kwanza mchana mmoja, mlango ukiwa wazi upande wa ziwa. Alivua ndala. Aliweka miguu miwili kwenye kanyagio, mmoja mbele kidogo ya mwingine, akagusa gurudumu la mkono kulielekeza upande wake, maana likianza kinyume uzi unakatika. Nilitegemea atasema neno. Alishona tu, kwenye kipande cha kitambaa cha zamani, mstari mmoja mrefu, akakipindua kutazama chini, akageuza kidogo skrubu ya mvutano wa uzi, akashona mwingine. Sauti ilikuwa ile ya mvua nyepesi juu ya bati. Watoto wa jirani, yule wa mkate, walikuja mlangoni.

Baadaye fundi alipiga magoti chini ya meza na bisibisi kumalizia kazi, zile skrubu mbili za bawaba.

Shangazi aliacha kukanyaga.

"Papa fundi," akasema, "hizo usikaze sana."