Kuzuia, kukinga, kupangua: majina ya mbinu za kujihami katika karate ya Shotokan

Shotokan ni mtindo wa karate unaotokana na mafundisho ya Gichin Funakoshi, mzaliwa wa Okinawa aliyeionyesha karate mjini Tokyo mwaka 1922. Miongoni mwa mbinu za kujihami ambazo mwanafunzi wake hujifunza mapema ni tano za mkono: age-uke, soto-uke, uchi-uke, shuto-uke na gedan-barai. Mfasiri anayezifikia kupitia Kiingereza huzikuta zote zimepewa jina moja, na hushawishika kuzigeuza zote kuwa "kuzuia". Hapo maana hupotea, kwa kuwa majina ya Kijapani hayataji kuzuia, na Kiswahili kina vitenzi vinavyokaribia zaidi kile ambacho mkono hufanya.

Kuzuia na kukinga

Kuzuia ni kukifanya kitu kisiendelee. Ukuta huzuia upepo. Askari huzuia gari. Mkazo uko katika kusimamisha. Neno *uke*, kwa upande wake, linatokana na kitenzi *ukeru*, yaani kupokea. Anayefanya uke hulipokea pigo kwa mkono na kulielekeza pengine.

Kiswahili kina kitenzi kinachobeba kupokea na kujihifadhi kwa pamoja: kukinga. Mtu hujikinga na jua kwa mwavuli, na mtu huyohuyo hukinga maji ya mvua kwa ndoo. Kwa sababu hiyo "kinga" ni tafsiri ya uke iliyo sahihi kuliko "kizuizi" au "zuio". Isichanganywe na kinga ya methali *Kinga na kinga ndipo moto uwakapo*, ambayo ni kijinga cha moto: neno jingine lenye umbo lilelile.

Kupangua

Gedan-barai haina neno uke katika jina lake. *Gedan* ni eneo la chini la mwili. *Barai* inatokana na *harau*, kufagia au kuondosha, ambayo h yake hugeuka b katika neno ambatani. Ngumi huanzia karibu na sikio la upande wa pili, hushuka kwa mshazari na kuishia juu kidogo ya goti la mguu wa mbele. Teke husukumwa kando.

Kitenzi kinachofaa hapa ni kupangua, na wasikilizaji wa matangazo ya mpira wanakifahamu vyema. Kipa aliyeushika mpira amedaka. Aliyeupiga kwa mikono ukaenda kando amepangua. Tofauti hii ina uzito katika mafunzo. Mguu una nguvu kuliko mkono. Mwanafunzi anayesoma "zuia teke" anaweza kuukutanisha mkono wake na teke hilo ana kwa ana, akaumia mfupa. Anayesoma "pangua teke" anaelewa kwamba kazi yake ni kulibadilishia njia.

Barai hiyohiyo imo katika ashi-barai, kumfagia mpinzani miguu. Huko Kiswahili kina neno lake tayari: mtama. Neno moja la Kijapani basi laweza kudai maneno mawili ya Kiswahili, kwa kuwa mtama hupigwa kwa mguu na haufai kutaja kazi ya mkono.

Nje na ndani

Ugumu mkubwa uko katika soto-uke na uchi-uke. *Soto* ni nje na *uchi* ni ndani. Katika picha mbinu hizi mbili hufanana sana zinapokamilika: kiwiko kimekunjwa, ngumi iko usawa wa bega. Kinachozitenga ni njia. Katika soto-uke ngumi huanzia nje, kando ya sikio, ikaingia kuelekea katikati ya kifua. Pigo hupokewa kwa upande wa kigasha wenye kidole kidogo. Katika uchi-uke ngumi huanzia ndani, chini ya mkono wa pili, ikafunguka kuelekea nje; pigo hupokewa kwa upande wa kidole gumba.

Tafsiri "kinga ya nje" haitoshi, kwa sababu kihusishi -a hakielezi kama nje ni chanzo au mwisho. Basi la Tanga laweza kuwa linakwenda Tanga au linatoka Tanga. Utata huo huondolewa na kitenzi: kinga itokayo nje, kinga itokayo ndani. Mfasiri achunguze pia mtindo unaozungumziwa, kwani katika Wado-ryu majina soto na uchi hutumika kinyume cha Shotokan.

Kupanda na kukata

Katika age-uke, *age* inatokana na *ageru*, kuinua: kigasha hupanda mbele ya uso hadi juu ya paji. "Kinga ya juu" hutaja mahali tu, na mahali pa juu pana neno lake, *jodan*. "Kinga ya kupandisha" huhifadhi mwendo. Shuto-uke ina maandishi ya mkono na upanga: kiganja hufunguliwa, vidole hubanwa pamoja, na ukingo wa upande wa kidole kidogo hufanya kazi ya makali.

Kuepa

Kuepa, au kukwepa, ni kuuondoa mwili katika njia ya pigo. Kitenzi hiki kitengwe kwa ajili ya *tai-sabaki*, kuuhamisha mwili. Mbinu hiyo mara nyingi huambatana na kinga, lakini haiwi kinga.

Mapendekezo kwa ufupi

- uke: kinga, kitenzi, kukinga
- age-uke: kinga ya kupandisha
- soto-uke: kinga itokayo nje
- uchi-uke: kinga itokayo ndani
- shuto-uke: kinga ya upanga wa mkono
- gedan-barai: kupangua chini
- ashi-barai: mtama
- tai-sabaki: kuepa kwa kuhamisha mwili

Jina la Kijapani libaki kando ya tafsiri linapotajwa mara ya kwanza, kwa kuwa ndilo mwanafunzi atakalolisikia likitamkwa ukumbini.