Ploti ya Kupangisha Nyansiongo: Imepitia Mikono ya Nani, na Thamani Yake ni Ngapi?

Anayeulizia nyumba za safu za kununua mjini Nyansiongo, zile ambazo wengi huziita ploti, hutajiwa bei kabla ya kuonyeshwa karatasi yoyote. Hali huwa hivyo zaidi msimu wa bonasi ya majani chai, pesa zikiwa mfukoni na madalali wakiwa barabarani. Bei hiyo ni ombi la muuzaji tu. Thamani ya kweli hujulikana baada ya kuuliza mambo mawili: ardhi iliyo chini ya vyumba hivyo imepitia mikono ya nani, na vyumba vyenyewe vinaingiza nini.

Jibu la swali la kwanza liko katika ofisi ya msajili wa ardhi mjini Nyamira. Kila kipande cha ardhi kilichosajiliwa kina kadi yake, maarufu kama grinkadi, yenye sehemu tatu. Ya kwanza hueleza kipande chenyewe na ukubwa wake. Ya pili huorodhesha wamiliki, mmoja baada ya mwingine, pamoja na tarehe za kusajiliwa kwao. Ya tatu huonyesha mizigo iliyo juu ya ardhi: mkopo wa benki, zuio la mtu anayedai haki, au amri ya mahakama. Upekuzi rasmi, yaani sachi, humwonyesha mnunuzi hali ilivyo siku hiyo. Anayetaka kujua wamiliki waliotangulia aombe nakala ya kadi yenyewe iliyoidhinishwa na msajili.

Historia ya mashamba ya Borabu ina jambo lake la pekee. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ilinunua mashamba ya walowezi wa Kizungu na kuyagawa kwa familia za Kiafrika kwa mkopo, chini ya mpango wa makazi. Aliyegawiwa shamba alibaki na deni la Hazina ya Makazi, na deni hilo liliandikwa dhidi ya ardhi. Kuna familia zilizomaliza kulipa zamani lakini hazikufuatilia hati ya kufuta deni. Kwa hiyo ikiwa ploti imekatwa kutoka shamba la aina hiyo, mnunuzi aangalie kama deni lilifutwa kwenye kadi, si mdomoni tu.

Pengo kubwa zaidi ni la marehemu. Jina lililo kwenye hatimiliki ni la babu, babu alishafariki, na wajukuu wanauza. Sheria ya Urithi hairuhusu ardhi ya marehemu kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi wa mirathi. Makubaliano yaliyotiwa sahihi mbele ya mzee wa mtaa, hata kama ndugu wote walikuwepo na chai ikanywewa, hayajazi pengo hilo. Mnunuzi anaweza kukaa miaka kumi akikusanya kodi, kisha binti aliyeolewa mbali arudi kudai sehemu yake, na mahakama imsikilize.

Je, kuwa na hatimiliki mkononi hakutoshi? Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja kilicho karibu na ufuo. Kampuni hiyo ilikinunua baada ya kuwa na wamiliki wengine. Mahakama ilisema kiwanja kilikuwa nafasi wazi ya umma na hakikugawiwa kihalali tangu mwanzo, kwa hiyo mnunuzi wa baadaye hakupata haki yoyote juu yake. Ndiyo maana kadi husomwa mpaka mstari wa kwanza.

Nyumba za safu zina tatizo jingine. Mara nyingi safu nzima imejengwa juu ya hatimiliki moja. Anayeuziwa vyumba viwili vya mwisho vinavyotumia ukuta mmoja na vingine hana anachoweza kusajili, mpaka ardhi igawanywe au kila sehemu ipate hati yake chini ya Sheria ya Mali ya Sehemu ya mwaka 2020. Mnunuzi aulize pia kama kaunti iliidhinisha ramani za jengo na kama ada za ardhi zimelipwa. Ikiwa kipande bado ni ardhi ya kilimo, idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi lazima iombwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano, la sivyo mauzo ni batili.

Sasa thamani. Mthamini aliyesajiliwa hulinganisha na mauzo ya karibu, lakini kwa vyumba vya kupangisha hesabu ya kodi husema zaidi. Tuseme safu ina vyumba 6 vya Sh3,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni Sh216,000. Ondoa mwezi mmoja kwa kila chumba kinapokaa bila mpangaji, zinabaki Sh198,000. Ondoa Sh38,000 za marekebisho, choo na ada, zinabaki Sh160,000. Mnunuzi anayetaka faida ya asilimia 8 kwa mwaka atalipa Sh2,000,000, na anayetaka asilimia 10 atalipa Sh1,600,000. Muuzaji akishikilia Sh3,000,000, faida hushuka hadi kama asilimia 5.

Kuna mazoea ya kuandika bei ndogo kwenye makubaliano ili kupunguza ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani. Mthamini wa serikali hukadiria mwenyewe, na ushuru hutozwa kwa kiasi kilicho kikubwa zaidi. Hata ujanja ukipita, hugharimu baadaye. Mtu aliyelipa Sh1,600,000 lakini akaandika Sh900,000 huenda ameokoa Sh28,000 za stempu mjini. Akija kuuza, kodi ya faida ya mtaji, asilimia 15 tangu Januari 2023, ikiwa inamhusu, itahesabiwa juu ya faida kubwa kuliko ile ya kweli. Na mauzo yakivunjika mapema, pesa atakazoweza kuthibitisha kwa makubaliano hayo ni Sh900,000 tu.

Anayekwenda kufanya upekuzi abebe nakala ya hatimiliki, kitambulisho na nambari ya KRA. Muuzaji anayekataa kutoa nakala hiyo asipewe hata rubuni.