Lenzi ya makro: wapiga picha wa Baraka wapime umbali kabla ya kutoa dola

Mwanzoni mwa mwaka 2007, watafiti wa shirika la uhifadhi la WCS na wenzao waliingia katika msitu wa Misotshi-Kabobo, kusini mwa Baraka. Tangu 1960 wanasayansi hawakuwa wamekanyaga huko kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Walirudi na wanyama sita ambao sayansi haikuwa inawajua: popo mmoja, panya mmoja, virukanjia wawili na vyura wawili. Miaka kumi baadaye, 2017, kinyonga wa milima ya Itombwe alipewa jina la kisayansi, Kinyongia itombwensis, na kati ya waliomwandika alikuwemo Mkongomani, Chifundera Kusamba wa kituo cha utafiti cha Lwiro.

Wengi wa viumbe hao wanaenea kiganjani. Mpiga picha wa Baraka anayeishi kwa harusi na ubatizo, siku akitaka kumpiga chura wa namna hiyo, atakuta lenzi yake ya kawaida, ile ya 18-55, inagoma. Akisogea karibu zaidi ya robo mita hivi kutoka kamera, picha inakuwa ukungu. Hapo ndipo watu wanaanza kuulizia lenzi ya makro, ama obyektifu kama wengi wanavyosema hapa kwetu, na hapo ndipo pesa inapotea kwa urahisi.

Neno lenyewe linadanganya. Lenzi nyingi za kuvuta mbali zimeandikwa "Macro" ubavuni, lakini uwezo wake unaishia robo ya ukubwa halisi wa kitu, au nusu kwa zile bora. Makro ya kweli ni ile inayofika 1:1. Maana yake, mdudu wa milimita 10 anachukua milimita 10 kamili juu ya kihisi, yaani kile kibao kidogo ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Muuzaji akikosa kukuonyesha alama hiyo ya 1:1, uliza maswali. Kampuni ya Nikon yenyewe huandika "Micro" badala ya "Macro". Usiikimbie, ni kitu kile kile.

Sasa, lenzi za 1:1 zipo za urefu tofauti: 40, 50 au 60, halafu 90 hadi 105, halafu 150 na 180. Zote zinampa mdudu ukubwa ule ule. Kinachobadilika ni nafasi inayobaki kati ya kioo na mdudu, na hili, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko jina la kampuni. Nikon ya milimita 60, ikifika 1:1, inakuacha sentimita 5 tu kutoka kwa kiumbe. Ya milimita 40 ni chini ya hapo. Canon ya 100 au Nikon ya 105 inakupa kama sentimita 13 hadi 15. Canon ya 180 inapita sentimita 20, lakini ni nzito na ghali, na mkono ukitetemeka kidogo picha imeharibika.

Sentimita 5 zinatosha kwa pete ya bibi harusi iliyolala juu ya kitambaa. Kwa kerengende kando ya mto Mutambala, hapana: kivuli chako kinamfikia kabla hujabonyeza. Ukiwa karibu hivyo, kamera yenyewe inaziba mwanga. (Wa nyoka nao wapo. Kwa kifutu, hata sentimita 20 ni wazimu.) Kwa hiyo anayetaka lenzi moja ya kazi zote, harusi na wadudu, atafute ya 90 hadi 105. Tena ni nzuri kwa picha za uso wa mtu, kwa hiyo siku za harusi haitakaa bure kwenye mfuko.

Kuhusu mwanga, lijue hili mapema. Kwenye 1:1, ukifunga mlango wa lenzi hadi f/8 katika kamera ya kihisi kikubwa, sehemu inayoonekana safi ina unene wa milimita 1 tu. Jicho la panzi litakuwa safi, mabawa yatafifia. Ndiyo maana wengi wanafunga hadi f/11 au f/16 na kutumia flashi iliyofunikwa kwa karatasi nyeupe ili mwanga uwe laini. Flashi ya bei ndogo yenye kifuniko kama hicho inasaidia kuliko kuongeza dola mia mbili kwenye lenzi.

Kwa mkulima hesabu ni nyingine. Fizi inaishi kwa mihogo, kuanzia fufu hadi sombe, na ugonjwa wa mozaiki, ambao Watanzania wanauita batobato, unaonekana wazi kwenye jani. Simu inatosha. Programu ya Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na IITA na FAO, inapima jani kwa kamera ya simu bila intaneti, na inazungumza Kiswahili. Lakini anayeueneza ugonjwa huo ni inzi mweupe wa milimita 1 hivi, anayejificha chini ya jani. Kamera ya nukta milioni 24 yenye kihisi kidogo inampa nukta zipatazo 250 kwa lenzi ya 1:1. Kwa lenzi ya kawaida hazifiki 100, na ukimkuza anakuwa doa jeupe.

Kiwavijeshi vamizi, aliyeanza kuonekana Afrika mwaka 2016, ni rahisi zaidi. Anatambulika kwa alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne yaliyopangwa kama mraba karibu na mkia. Kioo cha kubana juu ya simu, cha dola chache, kinaonyesha alama hizo vizuri. Zile kamera za "makro" za nukta milioni 2 katika simu za bei nafuu, sizipendekezi.

Kati ya kioo hicho na lenzi kamili kuna njia ambayo wengi hawaijui: pete za kurefusha. Ni mirija mitupu, haina kioo ndani, inayowekwa kati ya kamera na lenzi uliyonayo. Lenzi ya 50 ikiongezewa milimita 25 inafika nusu ya ukubwa halisi. Ikiongezewa 50, inafika 1:1. Unabaki karibu sana na mdudu na mwanga unapungua, lakini hata kidogo picha haiharibiki kwa kioo kibaya. Chagua zenye vituo vya umeme, la sivyo lenzi nyingi za kisasa hazitaweza kufunga mlango wake. Ningeanza na pete hizo, nipige miezi mitatu nyuma ya nyumba, kwenye mihogo na migomba, ambako hakuna barabara ya kufungwa wala kizuizi cha askari anayeuliza kamera ni ya nani.

Ukifika wakati wa kununua lenzi yenyewe, ya mtumba inafaa, kwa sababu makro za zamani ni imara. Lenzi za zamani za Nikon zisizo na mota hazitalenga zenyewe kwenye D3000 au D5000 na ndugu zake, lakini kwa karibu hivyo utalenga kwa mkono hata hivyo. Kabla ya kulipa, fungua mlango wa lenzi hadi mwisho, mulika tochi upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, ni kuvu, na kwa unyevu huu wa ziwa itazidi kuenea: mrudishie mwenyewe. Iliyo safi ihifadhi katika kopo linalofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.