Waya Usiokula Bando

Filamu ya gigabaiti 1 imo kwenye kompyuta ya sebuleni, na kijana aliye chumbani anaitaka kwenye laptopu yake. Wengi wetu tungemtumia kwa WhatsApp. Itapanda hadi kwenye kompyuta za kampuni zilizo mbali na nyumbani, kisha itashuka tena: safari ya hatua sita imekula bando mara mbili. Hasara hii inaletwa na kudhani kwamba mtandao na intaneti ni kitu kimoja.

Rauta ya kawaida, hata iliyoishiwa bando, inaweza kuunganisha vifaa vyote vya nyumba. Huvigawia namba, mara nyingi zinazoanza na 192.168, zilizotengwa kwa ajili ya mitandao ya ndani. Ndiyo maana namba yako yaweza kufanana na ya jirani bila kugongana. Data inayopita humo haitoki nje ya mlango na hailipiwi.

Kwa simu, Wi-Fi yatosha. Lakini kuta za tofali za saruji na nguzo za nondo huyachosha mawimbi, hasa ya gigahetsi 5, yenye kasi kubwa ila yanayopenya kwa shida zaidi kuliko yale ya 2.4. Kwa kompyuta ya mezani au televisheni isiyohama, mimi napendelea waya wa mtandao.

Uchune waya huo, utakuta nyuzi nane zimesokotwa mbilimbili. Alexander Graham Bell aliupatia msokoto wa namna hii hataza mwaka 1881, kwa ajili ya simu, na kanuni yake haijazeeka. Ishara hupita kwa kinyume katika uzi na mwenzake: mmoja ukipanda, mwingine hushuka. Kelele za umeme kutoka kwenye feni au taa huzigusa nyuzi zote mbili karibu sawasawa, kwa kuwa zimekumbatiana. Kifaa cha upande wa pili hupima tofauti yao tu, na kelele hujifuta. Hata idadi ya misokoto hutofautiana jozi kwa jozi, ili jozi jirani zisiingiliane. Kwa hiyo fundi anayefumua msokoto sentimita tano ili plagi iingie kirahisi anaharibu kazi. Sentimita moja na kidogo inatosha.

Waya wa daraja la Cat5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Hata swichi nafuu, kisanduku cha kuunganishia nyaya hizi, ya megabiti 100 kwa sekunde itahamisha filamu yetu kwa takriban dakika moja na nusu. Kilichobaki ni kuruhusu folda moja isomwe na wa nyumbani. Kwa programu ya bure ya Kiwix, kompyuta hiyohiyo yaweza kuwasomesha watoto Wikipedia ya Kiswahili, ikishapakuliwa mara moja, bila hata senti ya bando.

Pa kutobana matumizi ni kwenye waya wenyewe. Madukani zimo nyaya za aluminiamu zilizopakwa shaba; ni za bei rahisi, lakini hukatika upesi zikikunjwa na hufifisha ishara njiani. Kabla ya kulipa, omba kipande, ukwaruze uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, urudishe.