Joto linapowanyima hewa samaki wa nyumbani

Bunda. Saa nane mchana mtoto anarudi kutoka shule na kukuta samaki wake wamekusanyika juu ya maji, wakifungua na kufumba midomo. Katika nyumba ya Manyamanyama yenye tangi la kioo sebuleni, mzazi anaweza kudhani wana njaa, akawaongezea chakula. Kumbe wanatafuta hewa.

Maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo. Kwenye usawa wa bahari, lita moja ya maji yasiyo na chumvi yenye nyuzi joto 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni. Yakifika nyuzi 30, hubeba kama 7.5. Bunda iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa huo, hivyo kiasi hupungua zaidi. Joto hilohilo humfanya samaki ahitaji oksijeni nyingi, na chakula kinachooza humalizia iliyobaki.

Anza kwa kuzuia jua. Funga pazia, zima taa ya tangi, ondoa kifuniko na uweke wavu. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji hupooza kama mtungi unavyofanya: mvuke huondoka na joto. Maji yakipungua, ongeza yaliyokaa kwenye ndoo wazi usiku kucha ili klorini ipungue.

Kwa wanaofuga samaki wa bahari, mvuke huondoka lakini chumvi hubaki. Jazia maji yasiyo na chumvi, la sivyo tangi litazidi kukolea.

Chupa iliyofungwa yenye maji yaliyoganda inaweza kuelea tangini, lakini kwa muda mfupi, kwani joto likishuka ghafla samaki hudhurika. Umeme ukikatika, acha kuwalisha. Chota maji kwa kikombe safi na kuyamimina tena kutoka juu, mara kwa mara, yachanganyike na hewa.

Usalama wa mtoto uje kwanza. Zima na uchomoe pampu na feni kabla ya mtu yeyote kuingiza mkono. Mwenye kidonda asiguse maji ya tangi, na kila aliyegusa anawe kwa sabuni. Uvimbe au kidonda kisichopona baada ya hapo kionwe kituo cha afya.

Mtoto apewe kazi moja: kusoma kipimajoto asubuhi na mchana, na kumwita mkubwa namba ikipanda.